Kidimbwi Kilichopaliliwa

Wachuka alikuwa mpalizi. Wapo wanawake wanaojulikana kwa sauti ya kuimba kanisani, wapo wanaojulikana kwa mapishi, na wapo wanaojulikana kwa waume zao tu. Yeye alijulikana kwa jembe. Kule juu Nyeri, kwenye baridi ya mlima alikozaliwa na kuolewa, ungepita kando ya shamba lake usione gugu hata la dawa. Akipita kwenye shamba la mwenzake akakuta limeingiliwa, hakusema neno. Aliangalia tu, akaendelea na njia yake, na mwenye shamba akakimbilia jembe huku akimtukana kimoyomoyo. Basi walimheshimu na kumchukia kwa pamoja. Na tusijifanye hatujui mambo yalivyo: kwa watu wa kule, mwanamke mwenye magugu shambani amekwisha. Awe mcha Mungu, awe mkarimu kuliko wote, atasemwa mvivu, na binti zake watasemwa watoto wa mvivu.

Wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu walipokuwa wakiwasaka wapigania uhuru, mumewe, Theuri, alitiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine, akapelekwa kizuizini. Alihamishwa kutoka kambi hii hadi ile, miaka ikapita. Wachuka akabaki na binti yao mmoja, Warigia, wakasongamana na wengine katika kijiji cha kulazimishwa, wakachimba handaki la serikali. Ardhi ikapimwa na kugawanywa upya mwenyewe hayupo, na jina la Theuri halikusomwa. Aliporudi, Uhuru ukiwa umekaribia, hakuwa na shamba, na kifua chake kilikuwa kinakoroma. Alikuwa ameondoka mwanamume wa kubeba gogo peke yake. Alirudi mtu wa kusimama kupumzika kila akipanda kilima.

Siku ile Wachuka hakumwomba Mungu mengi. Alisema moyoni: huyu nimempata, na simtoi tena. Wengine walikuwa wakingojea bendera, wengine mashamba ya Wazungu, wengine shule. Yeye alitaka kitu kimoja tu, Theuri aishi. Alimpikia uji wa wimbi, akamtafutia maziwa kwa majirani bila kuona haya, akamfunika blanketi lake mwenyewe juu ya lile la mumewe. Lakini baridi ya mlima haina huruma. Kila asubuhi ya ukungu Theuri alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mganga wa zahanati akamwambia Wachuka waziwazi kwamba mzee huyu akiendelea kukaa huku juu hatafika mbali.

Ndipo Kihara, binamu yake Theuri, alipowapa kipande cha ardhi huko chini, upande wa Sagana. Hakukitoa kwa wema mtupu. Kilikuwa kipande ambacho yeye mwenyewe hakukitaka. Katikati yake palikuwa na shimo kubwa ambalo wajenzi wa barabara walichimba changarawe, wakaliacha, maji yakajaa, likawa kidimbwi. Lakini huko chini kuna joto, na joto ndilo lililotakiwa. Wapo waliosema kwamba huko kuna homa. Wachuka aliwasikia kwa sikio moja. Alikuwa amekulia kwenye baridi ambako malaria huijui ila kwa jina, na mbu kwake alikuwa kelele ya sikioni, basi.

Wakahama. Na kweli kifua cha Theuri kikafunguka. Mwaka wa kwanza kikohozi kilipungua, mwaka wa pili mashavu yakarudi kidogo, na siku moja Wachuka akamwona amevua koti mchana, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu atoke kambini. Akaingia jikoni akalia, halafu akatoka akamgombeza kwamba atashikwa na upepo.

Shida ilikuwa ni kidimbwi. Theuri hakuweza kushika jembe kwa muda mrefu. Alilima kidogo asubuhi, halafu akaenda kukaa ukingoni mwa maji, na hapo akashinda. Kidimbwi chenyewe kilikuwa hakionekani maji. Pembeni matete yalikuwa yamesimama kuliko mtu, ndago zikafuata, halafu yungiyungi na majani mengine ya kuelea ambayo hata Kihara hakuyajua majina. Chini yake kulikuwa na nyuzinyuzi za kijani, laini, zikicheza majini. Theuri aliyafunua majani kwa kijiti na kuangalia. Konokono wadogo walipanda mabua. Mende wa maji walizama na kuibuka. Kuna mdudu aliyeogelea chali kutwa nzima, na kuna kereng'ende ambao hawajaota mabawa, wabaya wa sura, waliojificha kwenye nyuzi zile wakingoja mtu apite. Huyo wa mwisho Theuri alimpa jina la Nyapara.

Jioni, wakila, alikuwa na habari za kusimulia.

"Leo Nyapara amekula wale watoto wa mbu mbele yangu," angesema. "Unajua yeye hafukuzi mtu? Anakaa kwa majani, ananyamaza kabisa. Mtoto ya mbu ikikuja juu kupumua, anatoa mdomo, anashika. Bila hiyo majani hawezi kitu. Atajificha wapi?"

"Kula, Baba Warigia. Chakula inapoa."

"Na ule wa kuogelea chali pia anawakula. Hata mende. Hapo ndani hakuna mtoto ya mbu anakua mkubwa, nakwambia."

Wachuka alikula, na moyoni alikuwa anawaka. Sio kwamba alikuwa mwanamke mbaya. Lakini hebu fikiria: umemngoja mume miaka yote ile, umechimba handaki, umekataa wanaume waliokuja na maneno matamu, na siku anaporudi, kuhusu kambi hasemi, kuhusu shamba lililopotea hasemi, kuhusu wewe ulivyokuwa ukiishi haulizi. Anasema kuhusu wadudu. Mwanzoni alijaribu kumchokonoa kuhusu kambi. Theuri alijibu, "Ilikuwa mbaya," na siku iliyofuata akashinda kidimbwini kuliko kawaida. Akaacha kumuuliza. Ila kidimbwi kile akakionea wivu, kwa kweli kabisa, vile ambavyo mwanamke humwonea wivu mke mwenza.

Na watu walikuwa wameanza kusema. Jirani yao Murugi, mwanamke mcheshi mwenye mdomo usiotulia, alipita siku moja akasimama kando ya yale matete, akaweka mkono kiunoni.

"Mama Warigia, si tuliambiwa wewe ni mkulima ya kutoka Nyeri? Ati jembe yako inalala na njaa?"

Alikuwa anatania, na Wachuka akacheka. Lakini neno lile lilimchoma mpaka ndani. Usiku ule alilala akigeuka-geuka.

Mwaka wa pili wa Uhuru, Warigia, ambaye alikuwa amepata kazi ya kutunza watoto huko Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri, akaleta habari kwamba kijana wa huko aitwaye Gicheru anataka kumwoa, na watu wa kwao watakuja Sagana kuzungumza. Furaha ilikuwa kubwa. Hofu nayo haikuwa ndogo. Wakwe hawaji kunywa tu. Wanawake wao wanakuja na macho. Wataona nyumba, wataona kuni zilivyopangwa, wataona shamba la mama, na kutokana na shamba la mama watajua binti ni wa namna gani. Wachuka aliona mahindi yake yamepaliliwa, maharagwe yake yamepaliliwa, migomba imesafishwa mashina. Kisha akainua macho akaona lile gugu moja kubwa katikati ya shamba lake, na akajua cha kufanya.

Theuri alikuwa amekwenda Nyeri kuwaita wazee wa ukoo, na angekaa huko siku kadhaa. Wachuka akaita ngwatio. Ndiyo desturi: wanawake wanakusanyika leo kwenye shamba la mmoja, kesho la mwingine, kazi ikaisha kwa nyimbo. Wakaja na mapanga na majembe, Murugi mbele. Walipoona kwamba kinachopaliliwa ni maji, walicheka mpaka wakashikana. Kisha wakafunga nguo viunoni, wakaingia.

Walifyeka matete, wakang'oa ndago na mizizi yake, wakavuta yungiyungi mithili ya wanaovuta kamba, wakakusanya zile nyuzi za kijani kwa mikono na kuzitupa ukingoni. Waliimba. Wachuka ndiye aliyeanzisha wimbo kila ulipoisha, na sauti yake, ambayo wengi hawakuwa wameisikia, ilikuwa nzuri. Rundo lililotupwa ukingoni lilikuwa linatembea. Vidudu vya kila aina vilitambaa juu yake, vikajikunja, vikatafuta maji visiyaone. Konokono walifunga milango yao. Kuku wa Wachuka wakaja mbio, na siku ile walikula mpaka wakashindwa kutembea. Wanawake wakawacheka kuku. Wachuka alimwona Nyapara mmoja akipanda ukoka, akamsukuma kwa ncha ya jembe kuelekea kwa kuku.

Kazi ilipoisha kidimbwi kilikuwa kimya na cheupe. Ungeona mbingu ndani yake, ungeona mlima asubuhi ukiwa hauna mawingu. Rundo likakauka, likachomwa moto. Kingo zikalimwa zikawa laini, hakuna unyasi.

Theuri aliporudi, jua lilikuwa linaelekea kushuka. Wachuka alimshika mkono akampeleka mwenyewe, akiongea haraka, akicheka, akimwonyesha huku na huku. Theuri alisimama ukingoni kwa muda mrefu. Aliinama akaangalia ndani ya maji, akajinyoosha.

"Mmefanya kazi kubwa," akasema.

"Umekasirika?"

Akamwangalia mkewe. Wachuka alikuwa na tope mpaka kwenye nywele, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Hapana. Iko safi," akasema Theuri. Tangu siku ile hakukaa tena ukingoni. Alikaa ukutani mwa nyumba, akiota jua, na jioni hakuwa na habari yoyote. Wachuka alijiambia kwamba hatimaye amepona lile jambo la wadudu.

Wakwe wakaja. Mama yake Gicheru, mwanamke mzito asiyesifu ovyo, alizunguka shamba zima mikono nyuma, akafika kwenye kidimbwi, akasimama. Akasema kwamba katika maisha yake ameona watu wakipalilia mahindi na watu wakipalilia chai, lakini mwanamke aliyepalilia hata maji hajamwona, na kama binti ana nusu ya bidii ya mama yake basi Gicheru amebahatika. Maneno yale yalizunguka Sagana. Wachuka aliyasikia yakirudiwa sokoni na akajifanya hayasikii, lakini alikuwa anatembea shingo juu. Kwa majuma kadhaa alikuwa mtu mwenye furaha, na mwenye kumjua angesema ni furaha ambayo hakuwa nayo tangu ujana.

Mvua ndefu zikanyesha, zikakatika. Jua likawaka juu ya yale maji meupe. Kisha mbu wakaja.

Sio kwamba hawakuwapo kabla. Lakini hawa walikuwa wengine, wembamba, wasio na kelele nyingi, wanaotua ukutani mkia juu. Waliingia jioni kupitia kwenye paa la nyasi. Wachuka alifukiza nyumba kwa mavi ya ng'ombe na majani mabichi, moshi ukamrudishia Theuri kikohozi, akaacha. Murugi alikuwa wa kwanza kuumwa, na watoto wake wawili, lakini hao walikuwa wenyeji wa huku chini. Walitetemeka, wakameza vidonge, wakaamka. Theuri alipoanza kutetemeka hakuamka hivyo.

Alitetemeka kitanda kikalia. Baadaye akawaka moto, akaongea na watu ambao hawakuwapo, akawaitikia kama mtu anayeitwa jina kwenye foleni ya kambini: "Niko, effendi. Niko." Asubuhi akapoa, amelowa, amekonda. Zahanati ikampa vidonge vichungu. Akapata nafuu, akakaa ukutani, na Wachuka akaanza kupumua. Halafu ikamrudia. Hospitali ikamlaza, ikamruhusu, ikamlaza tena. Daktari akasema damu imekwisha mwilini, wengu umevimba, na mwili huu ulikuwa umeshachoka kabla homa haijaja. Yale mashavu yaliyorudi kwa miaka miwili yaliondoka kwa miezi miwili.

Wakati huo ndipo Huseni alipofika. Alikuwa mtu wa Majengo, Nyeri, mwenye kofia ya kufuma na baiskeli, aliyekuwa akifanya kazi ya serikali ya kutafuta mbu. Watu wa Sagana walimwita Bwana Mbu, na hakuchukia. Alikuwa amesikia kwamba upande ule homa imezidi, akawa anakwenda maji kwa maji na kata nyeupe yenye mpini mrefu. Alipofika kwa Wachuka akasalimu, akauliza hali ya mgonjwa, akaomba ruhusa.

"Mama, hiki kidimbwi ni chenu?"

"Ni yetu."

Akachota. Akainamisha kata ili Wachuka aone. Ndani yake, kwenye maji meupe, viluwiluwi walikuwa wamelala juu juu, wengi, wakijipindapinda. Akachota mahali pengine. Ni hivyo hivyo. Kisha wakaenda pamoja hadi kwenye bwawa dogo lililokuwa chini ya shamba la Murugi, lililofunikwa na majani ambayo hakuna aliyewahi kuyagusa. Huseni akachota. Kwenye kata kukaja konokono, mende mmoja, mdudu aliyeogelea chali, na kiumbe mbaya wa sura ambaye Wachuka alimtambua mara moja. Kiluwiluwi alikuwa mmoja tu. Walipokuwa wakiangalia, yule kiumbe akatoa mdomo wake na kumshika.

Wachuka akageuka kuangalia upande wa shamba lake.

"Sisi tulitoa majani," akasema. "Ile yetu ilikuwa namna hii. Tulitoa yote."

Huseni akayarudisha maji bwawani. Alikuwa mtu mpole, na aliona swali lile linakoelekea.

"Si kila majani ni dawa, mama. Wako mbu wanaotaka majani hayo hayo. Lakini huyu wa malaria anapenda maji meupe yenye jua. Na kukiwa na majani, wale wadudu wengine wanapata pa kukaa, wanamaliza watoto wake. Mkiyatoa, na wao wanakwenda."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Homa ilikuwepo Sagana kabla yako."

"Bwana Huseni, mimi nakuuliza. Ni mimi?"

"Mungu ndiye anajua," akasema Huseni, akaangalia pembeni. Kisha akamwaga mafuta juu ya kidimbwi, utando wa rangi rangi ukatandaa, akaeleza kwamba viluwiluwi watakosa hewa na kufa, na kwamba atarudi kuongeza mafuta mengine yakiletwa. Hakuwa mwongo. Mafuta ndiyo yaliyochelewa.

Wachuka hakungoja. Siku ya pili alifanya jambo ambalo watu wa Sagana walilizungumza kwa muda mrefu. Alishuka mtoni mchana kweupe, akang'oa matete na mizizi yake, akang'oa ndago, akafunga mzigo, akaubeba mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, na kurudi nao kupitia njia ya sokoni. Akaingia majini akaanza kupanda. Alipanda kwa mstari, maskini, kwa sababu mikono yake haikujua namna nyingine. Akarudi tena mtoni na debe, akachota matope yenye vidudu, akaja kuvimwaga kidimbwini.

Murugi alimkuta humo, maji yakimfika kiunoni.

"Mama Warigia. Unapanda magugu?"

"Napanda."

"Wewe?"

"Si umesikia? Napanda magugu. Kama utanisaidia, ingia. Kama ni kucheka, chekea huko barabarani."

Murugi hakucheka. Alimwangalia, akavua viatu, akaingia. Walifanya kazi bila wimbo.

Lakini ule utando wa mafuta ulikuwa bado juu ya maji. Mende walipanda kutafuta hewa, wakagusa mafuta, wakapinduka. Wale wa kuogelea chali wakafa wa kwanza. Matete yakainama, majani yakapata manjano kwenye ncha. Kitu kisichopandwa na mtu hakipendi kupandwa kwa haraka, na Wachuka, ambaye maisha yake yote alikuwa ameyaona magugu yakiota bila kuombwa, alikaa ukingoni akiyabembeleza yaote. Mvua ikanyesha, mafuta yakasombwa, na viluwiluwi wakarudi kabla ya kitu kingine chochote.

Theuri akawa hawezi tena kwenda hospitali. Mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, na daktari alimrudisha nyumbani kwa maneno ya adabu ambayo Wachuka aliyaelewa. Warigia akaja kutoka Ruring'u, akapika, akafua, akamwacha mama yake akae na baba.

Siku moja, jua likiwa utosini, Theuri aliomba atolewe nje. Walimlaza kwenye mkeka chini ya upenu. Alikuwa na akili zake zote. Warigia alikuwa ameshuka mtoni. Wachuka aliona kwamba asiposema sasa hatasema, akamweleza yote, haraka haraka, macho yake yakiangalia chini: Huseni na kata yake, bwawa la chini ya shamba la Murugi, kiluwiluwi mmoja, yale majani aliyoyapanda yakakataa.

"Ni mimi nimekuletea hii homa," akasema. "Na mikono yangu. Sikujua."

Theuri aligeuza kichwa kwenye mkeka, akamwangalia.

"Mimi nilijua," akasema.

Wachuka hakuelewa.

"Nilijua siku ile nilirudi kutoka Nyeri. Si nilikuwa nimewaangalia wao miaka mbili? Nani anakula nani. Nani anajificha wapi. Niliona ile maji iko wazi, nikajua mbu watakuja."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi," akasema Theuri. "Tangu nirudi, sikuwa nimekuona unafurahi. Uko na tope kwa kichwa, unacheka. Nikasema, wacha akae na hiyo furaha kidogo. Nitamwambia kesho." Akapumzika. "Kesho wakwe wakakuja. Kesho ingine ukasifiwa sokoni. Sasa nikuambie lini?"

Sauti ikamtoka Wachuka. Haikuwa kilio.

"Ungeniambia! Mdomo si uko nayo? Ningerudisha siku hiyo hiyo! Ningewaita hao wanawake hata gizani, ningepanda na meno! Nani alikuambia mimi nataka kufurahi? Mimi nilitaka wewe!"

"Najua," akasema Theuri. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida: "Lakini hukuwa umesema."

Ni kweli, hakuwa amesema. Alikuwa amepika, amefunika blanketi, amegombeza, amehama mlima, amepalilia. Kulisema kwa mdomo hakuwahi, wala Theuri hakuwahi, na walikuwa wameishi hivyo tangu aliporudi, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kunyamaza. Akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi na wa moto. Walikaa hivyo mpaka Warigia akarudi na maji.

Theuri alikufa kabla ya juma kuisha, asubuhi, Wachuka akiwa amekwenda kukoka moto.

Wazee wa ukoo walikuja kutoka Nyeri, wakwe wakaja kutoka Ruring'u, Huseni akaja na baiskeli yake akasimama nyuma ya watu. Wanawake walimzunguka Wachuka wakimwambia alie, maana asiyelia huugua. Mama yake Gicheru akamkumbatia na kusema mbele ya wote kwamba mzee huyu alibahatika, hakuna mke aliyemtunza mume kwa bidii kama hii. Wachuka alisimama mkavu kando ya kaburi. Hakuwa na uchungu tu, huo angeuweza. Alikuwa amemkasirikia marehemu, kwa hasira ambayo huwezi kumwonyesha mtu aliyelala kwenye sanduku. Miaka yote ile alikuwa akimngoja Theuri amwambie neno moja kutoka moyoni mwake, na alipolisema hatimaye, likawa ni hili: alijua, akanyamaza ili yeye afurahi.